Hotuba Iliyowaliza Watu wa Penfield

Oren Thaxter alikuwa na kitabu kichwani kabla hajapata hata mteja mmoja. Philena alilijua hilo tangu siku za uchumba, walipokuwa wakitembea kando ya kinu cha mbao pale Penfield, katika milima ya Vermont, yeye akiwa ametoka juzi tu kwenye seminari ya wasichana, na Oren akiwa bado anafagia ofisi ya wakili mzee aliyemfundisha sheria.

"Na kitabu chenyewe kitahusu nini, Bwana Thaxter?"

"Hilo bado. Ila jina langu nimeshaliona mgongoni, kwa herufi za dhahabu."

"Ajabu. Wenzako huanza na kichwa, wewe umeanza na mgongo."

Oren alicheka mpaka kofia ikamdondoka, na papo hapo Philena akaamua kumkubali. Baba yake, aliyekuwa shemasi, alinuna kidogo kwa kuwa yule kijana alikuwa na koti moja tu, la kiangazi na la baridi. Lakini akina Thaxter walikuwa watu wa heshima. Babu yao alihubiri katika kanisa la Penfield hadi sauti ikamkauka, na hapakuwa na Thaxter aliyewahi kushtakiwa, kulewa hadharani, wala kuacha uzio wake uanguke. Jina la namna hiyo ni mali. Philena aliingia ndani yake kama mtu aliyekabidhiwa nyumba nzuri, akijua kwamba kazi yake ni kuhakikisha paa halivuji.

Hawakujaliwa mtoto. Jambo hilo halikusemwa mezani, lakini lilikaa nao. Oren alikuwa wa mwisho, hana kaka wala mtoto wa kaka, na kadiri miaka ilivyokwenda kile kitabu kilizidi kuwa kitu kikubwa kuliko kitabu. Ndicho kingelibeba jina baada yao.

Akaandika. Asubuhi aliandika hati za mashamba, jioni aliandika mashairi na insha kwa gazeti la wilaya, kwa jina la kupanga la Mkaa Bondeni. Mkulima wa Vermont hampi shauri la mpaka wa shamba mtu anayetunga mashairi juu ya ndege. Ndiyo sababu mawakili wote wenye kalamu walijificha nyuma ya majina ya kupanga, na ndiyo sababu kila mtu aliyajua.

"Wakili," mwenye duka, Bwana Peck, alikuwa akimwita kutoka nyuma ya mapipa yake, "yule ndege wako wa juma hili amelia hadi ukurasa wa pili. Ana nini?"

"Ana majonzi, Bwana Peck."

"Ana njaa huyo. Mpe mahindi."

Watu walicheka, na Oren akacheka nao. Hata hivyo, siku za mahakama walikuja kutoka mabonde ya mbali na vikapu vyao vya jibini na pai la tufaha, wakakaa kutwa kumsikiliza. Hapakuwa na mtu katika wilaya ile aliyesema vizuri kuliko yeye. Kesi ya ng'ombe aliyekula kabeji za jirani, Oren Thaxter akiisema, ilikuwa kesi ya binadamu tangu Edeni.

Kisha, katikati ya baridi, akaokotwa mchuuzi wa vyombo vya bati, amekufa katika njia ya kushukia mtoni, kichwa kimevunjwa. Mkokoteni wake ulikuwa umeachwa barabarani, farasi bado amefungwa. Siku chache baadaye kisu cha kukunja cha yule mchuuzi kilionekana mkononi mwa Asahel Drew, kijana wa mjane Tirzah Drew, aliyekuwa akikata kuni za watu. Asahel alisema amekinunua. Hakuwa na shahidi ila mama yake, na ushahidi wa mama, kama walivyosema kwenye duka la Peck, ni supu isiyo na chumvi.

Ilikuwa desturi kwamba maskini akishtakiwa kwa roho ya mtu, jaji huangaza macho juu ya meza ya mawakili na kumchagua mmoja amtetee bure. Jaji Bulkley alimchagua Oren. Chumba kizima kikanong'ona kwa furaha.

Oren alirudi kutoka jela siku hiyo akiwa na uso mpya. Hakuvua hata koti.

"Hakufanya, Philena."

"Umejuaje?"

"Mguu. Kabla ya mchuuzi kuuawa, shoka lilimteleza likamkata nyuma ya kisigino, likakata ule mshipa mnene. Mama yake ndiye aliyemshona, na mshipa ukapona umejikunja. Mguu ule haukanyagi chini; anatembea kwa ncha ya vidole kama mwizi wa mayai, na buti haliingii kabisa. Na nyayo zilizoonekana kwenye theluji, kutoka kwa marehemu hadi mtoni, ni za buti mbili, visigino vyote vimezama, na hatua ni za mtu anayekimbia. Mhunzi aliziona kabla theluji mpya haijazifunika. Ataapa."

"Basi kesi imekwisha."

"Imekwisha," alisema Oren, akamshika mikono. "Lakini mwenyewe hana ruhusa ya kusema. Unajua sheria yetu: mshtakiwa haapishwi. Atakaa pale kizimbani kama kiti. Mdomo wake ni mimi."

Akaanza kuitunga hotuba. Majuma yale nyumba ya Thaxter haikusikia kitu kingine. Philena alikuwa akimenya tufaha za kukausha, bakuli mapajani, na Oren akitembea kutoka dirishani hadi kwenye jiko la chuma na kurudi, akimsomea. Alianza na mama mjane aliyesikia hatua za askari mlangoni. Akapita kwenye ujana, kwenye majira ya kuchemsha utomvu wa miti kuwa sukari, moshi ukipanda msituni na vijana wakiitana. Akafika kwenye huruma, ambayo Mungu mwenyewe haoni aibu kuitumia kila asubuhi. Philena, aliyesoma Kilatini na aliyejua maneno mazuri yanapotoka na yanapokwenda, aliacha kumenya. Hakuwahi kusikia kitu kama kile kutoka kinywani mwa mtu aliye hai.

Halafu palikuja mahali pa mguu. Hapo Oren alishusha sauti, akasema kama mtu anayesoma bei ya unga: "Nyayo zile, waheshimiwa, zilikuwa na visigino viwili. Asahel Drew ana kimoja. Mwiteni asimame mbele yenu. Mwambieni atembee."

Akasimama, akakunja uso.

"Hapa pamekaa kama kigogo mlangoni. Kila nikipita najikwaa. Nimetoka kwa Mungu, naingia kwenye buti."

"Kiache kigogo kikae," Philena alimwambia. "Nao watajikwaa. Mtu aliyejikwaa hasahau."

"Hakika wewe ungekuwa wakili mkali."

"Ningekuwa. Kama mngenipa nafasi."

Siku ya hotuba, mahakama ya Penfield ilijaa hadi ngazini. Wanawake walipewa roshani ya juu. Philena alikaa mbele, na mkono wake wa kulia, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine aliyekubali kukaa hapo, alikaa Tirzah Drew, katika shali ya kijivu iliyotiwa viraka kwa ustadi. Mashahidi walikwisha kusema. Mhunzi alisema alichokiona, lakini alikisema huku akiikunja kofia yake, na mwendesha mashtaka, Ransom Keyes, mtu mkavu kama ubao wa mwaka jana, alimhoji mpaka yeye mwenyewe akawa hana hakika kama nyayo zilikuwa za buti au za kwato. Daktari alisema mguu ulikuwa mbaya, ingawa mtu mwenye hofu huweza mengi. Ndipo Philena akajisemea kwamba si kitu, Oren atayakusanya yote.

Oren akasimama. Hakuwa na karatasi. Alianza kwa sauti ya chini, na kila alichokisema Philena alikijua, midomo yake ikikifuata. Mama mjane. Hatua za askari. Moshi wa sukari msituni. Chini, miongoni mwa wazee wa baraza kumi na wawili waliopewa kuamua hatia, mkulima mmoja akatoa leso. Kisha mwingine. Alipofika kwenye huruma, msemaji wao, shemasi mmoja mwenye taya kama ya farasi, ambaye hakulia hata alipomzika mkewe, alikuwa akilia waziwazi, machozi yakiingia ndevuni. Jaji alitazama dari. Askari wa mlango alijipangusa kwa kiganja.

Philena alikaza mikono juu ya mbao za roshani. *Sasa mguu*, alisema moyoni. *Sasa.*

Oren alinyamaza. Aliwatazama wale wazee, mmoja baada ya mwingine. Philena alimwona akivuta pumzi, na alijua pumzi ile ilikuwa ya kitu gani. Halafu akaona uso wake ukibadilika, ukalegea, kama uso wa mtu aliyefika nyumbani. Akainamisha kichwa, akasema, "Nimewaachia ninyi," akaketi.

Si kweli, kama wengine walivyosema baadaye, kwamba Oren Thaxter alisahau. Akina Thaxter hawakuwa watu wa kusahau, na Oren aliweza kukariri sura nzima ya Isaya kutoka mwisho. Aliyaona machozi, akadhani ameiona hukumu. Aliogopa kuyapoza kwa buti. Ni kosa ambalo mtu asiyejua kusema asingeweza kulifanya.

Sheria yao ilimpa mwendesha mashtaka neno la mwisho. Keyes alisimama polepole, akangoja pua zote zipengwe.

"Nami pia nimelia," alisema. "Nani asingelia? Ndugu yangu ameomba huruma, na ameiomba kuliko nilivyopata kusikia ikiombwa. Swali langu ni dogo. Ng'ombe wangu akiwa hajaingia shambani kwako, mimi nakuja kwako kuomba huruma? Asiye na hatia huomba haki, wazee wangu. Huruma huombewa nani?"

Akaketi. Hakuwa na zaidi, na hakuhitaji.

Wazee walirudi jua likiwa bado juu. Yule shemasi, macho yake bado mekundu, ndiye aliyelitamka lile neno la hatia. Katika roshani Tirzah Drew hakupiga kelele. Alimgeukia Philena, na kwa adabu kabisa, kama anayeuliza njia, akasema, "Bibi Thaxter, mbona hakuwaambia habari za mguu?"

Philena na Oren walirudi nyumbani kwa gari la theluji, kengele za farasi zikilia kama za watu wanaotoka harusini. Walipofika uani Oren ndiye aliyeanza kusema.

"Walikuwa wanalia, Philena."

"Niliwaona."

"Nilidhani nikiongeza neno nitaharibu."

"Najua."

"Sema kitu kingine. Nitukane."

Philena hakumtukana. Alishuka, akamfungua farasi mwenyewe, kazi ambayo hakuwahi kuifanya, kwa sababu aliogopa kuingia ndani akiwa na uso wake ule.

Ilibaki njia moja. Katika jimbo lao ni Bunge peke yake lililoweza kuibadili hukumu ya kifo, na Oren alikwenda makao makuu, Montpelier, wakati barabara zilipokuwa tope hadi kwenye ekseli za magurudumu. Safari hii alikwenda na mguu peke yake. Alikuwa na mchoro wa wayo, kiapo cha mhunzi, maneno makavu yasiyo na mama wala moshi. Lakini magazeti yalikuwa yamemtangulia. Siku hizo kila gazeti lilikata kutoka gazeti jingine bila kuomba, na hotuba ya Penfield ilikuwa imekatwa na kuchapwa kutoka Burlington hadi Boston.

"Wewe ndiye Thaxter!" mjumbe mmoja alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mke wangu ameikata ameibandika ukutani. Kile kipande cha moshi wa sukari! Ungetusomea?"

"Nimekuja kwa habari ya kisigino, Mheshimiwa."

"Kisigino?"

"Cha Asahel Drew. Hakuweza kuvaa buti."

"Ahaa," alisema yule mjumbe, macho yakianza kuhama. "Hilo halimo kwenye hotuba."

Wenzake waliuliza vivyo hivyo. Kama kisigino kilikuwa na uzito, wakili hodari kama yeye angewezaje kukiacha? Ombi likakataliwa.

Walimnyonga Asahel kiangazi kilipoingia, katika ua wa jela, nyasi zikiwa zimekatwa upya. Alikuwa na haki ya kuwa na mtu mmoja pamoja naye, akamtaka Oren. Wale walioruhusiwa kuingia walimwona akiuvuka ua kwa ncha ya vidole, bega likipanda na kushuka, baada ya miezi yote ile. Na watu kadhaa, akiwemo yule shemasi, walitazama chini. Oren alimweleza Philena jambo moja tu la asubuhi ile, na alilieleza mara moja tu maishani. Asahel alimwambia, "Ulisema vizuri, Bwana Wakili. Sikujua kuwa mtu kama mimi anaweza kusemwa vizuri vile."

Majani yalipoanza kubadilika rangi akaja mtu kutoka Boston, mchapishaji, mwenye glavu za manjano na adabu nyingi. Alitaka kitabu. Alitaka mashairi, insha, kila kitu cha Mkaa Bondeni, kwa jina la kweli la Oren Thaxter, mgongo wa ngozi, herufi za dhahabu. Sharti lake lilikuwa moja, nalo alilitaja kama jambo lisilohitaji kutajwa: hotuba iwe ya kwanza.

"Hapana," alisema Oren.

"Hujanisikia vizuri, bwana. Nchi nzima inaijua. Hayo mengine, samahani, yatauzwa kwa mgongo wake."

"Nimekusikia. Kunywa sida yako, ni ya tufaha zetu."

Mgeni alipoondoka, Philena alifunga mlango wa sebule. Hakuwa mwanamke wa kupaza sauti, na hakuipaza.

"Umeningojesha kitabu hiki tangu kwenye kinu cha mbao."

"Najua."

"Hatuna mtoto, Oren. Hakuna mwingine wa kulibeba jina. Asahel amekwisha kufa. Ukikataa, hafufuki."

"Nikikubali, nitakuwa nimelipwa."

"Mashairi yana kosa gani?"

"Hayana. Ndiyo maana hayatakiwi."

Oren alimnyoshea mkono, naye Philena hakuupokea. Kwa majira mengi baada ya hapo waliishi kama majirani wema. Watu walisema kwamba Wakili Thaxter alianza kunywa. Huo ni uongo. Alikunywa chai. Aliacha kesi za baraza la wazee, akabaki na mipaka na mirathi, na ofisini aliandika kwa namna ambayo makarani waliicheka: sentensi fupi kama misumari, hakuna neno lililovaa nguo. Gazeti lilingoja shairi hadi likachoka. Hata Bwana Peck aliacha utani. Siku moja alimpimia sukari, akasema taratibu, "Yule ndege, Wakili. Tumemkosa," na Oren akajibu, "Mimi simkosi," akasahau kuchukua chenji yake.

Lakini hotuba ilikuwa na miguu yake. Iliingia katika kitabu cha kusomea shuleni, kile cha darasa kubwa, chini ya kichwa cha habari "Juu ya Huruma". Jina la Asahel lilitolewa. Akawa "kijana mmoja". Jina la Oren lilibakizwa.

Penfield ilikuwa na desturi ya kufunga muhula wa baridi kwa maonyesho: wazazi hukaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakigusa kidevu, na watoto hupanda jukwaani kusema walichokariri. Mwaka mmoja mwalimu alikuwa mgeni, msichana mwenye nia njema kutoka ng'ambo ya mto. Alitaka kumheshimu wakili. Alimpanga kijana wa mwenye kinu, mwenye sauti nzuri kuliko wote, afunge sherehe kwa "Juu ya Huruma".

Philena alitambua kwa neno la kwanza. Alimshika Oren mkono wa koti. Kijana alisema vizuri, Mungu amsamehe. Alijua hata pa kunyamaza. Akina mama walianza kutoa leso, wakageuka kumtazama Oren kwa tabasamu la maji, kama watu wanaomshukuru mwenyeji kwa chakula. Ndipo katika dawati la nyuma mwanamke akasimama, shali ya kijivu, akapita katikati ya magoti ya watu akatoka.

Oren akasimama akamfuata. Philena akawafuata wote wawili, akasimama kizingitini, theluji ikiyeyuka na kudondoka kutoka kwenye paa.

"Bibi Drew," Oren aliita. "Ngoja nikupeleke, njia ni mbaya."

"Usinishike."

Aliuvuta mkono wake. Tirzah Drew alikuwa amezeeka, na alikuwa akihangaika kufunga shali ambayo ilikwisha kufungwa.

"Nimekuja kumsikia Hulda wa dada yangu akisoma zaburi yake," alisema. "Sikujua kwamba na Asahel atasomwa."

"Mimi sikuitoa, Bibi Drew. Wameichukua wenyewe. Nilikataa kitabu."

"Nimesikia ulikataa. Watu waliniambia, kana kwamba nitafurahi." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mimi mwenyewe nililia siku ile, Bwana Thaxter. Mwanangu yuko kizimbani, nami nalia kwa ajili ya moshi wa sukari. Nilikusahau wewe, nikamsahau yeye, nikausahau mguu niliouosha kwa mkono huu. Hebu fikiri. Sasa unakataa kitabu. Umekaa kimya miaka yote hii. Kimya chako kinamsaidia nani? Wanaendelea kuisema bila mguu."

Akaondoka, akichagua pa kukanyaga. Ndani, watu walikuwa wakipiga makofi.

Njiani Oren alimpa Philena mkono, na safari hii aliupokea. Walitembea hivyo mpaka kwenye uzio wao.

"Anasema kweli," alisema Oren.

"Ndiyo."

"Ningeiandika upya. Mguu mahali pake, baada ya huruma. Lakini kila nikishika kalamu nahisi kama nachimba kaburi kumvalisha maiti viatu."

Hakuiandika. Moyo wake ulikuwa umeanza kumchezea, na majira mawili ya kuvuna tufaha baadaye ulisimama, mchana, mezani, katikati ya hati ya mpaka wa malisho. Philena alimfumba macho mwenyewe.

Mawakili wa wilaya walifunga kitambaa cheusi mkononi, kama ilivyo ada yao, wakapitisha azimio la heshima, na wakaamua kumchapia mwenzao kitabu cha kumbukumbu. Jaji Bulkley, sasa mzee wa fimbo mbili, alikuja mwenyewe kwa mjane. Alikaa kwenye kiti cha Oren bila kujua.

"Tutatoa kila kitu, Bibi Thaxter. Mashairi, insha, picha yake ya kuchongwa. Ngozi, herufi za dhahabu. Na hotuba mwanzoni."

"Bwana Thaxter hakutaka ichapwe."

"Unyenyekevu wake. Lakini bila ile, nikuambie ukweli, hakuna atakayenunua, na mawakili hawatachanga. Jina lake litakwenda naye. Wewe unajua zaidi yangu kwamba hakuna mwingine baada yake."

Philena alijua. Lilikuwa jambo analolijua kuliko jambo lolote duniani. Alinyanyuka, akaenda dirishani, akarudi hadi kwenye jiko la chuma, mikono nyuma.

"Ichapeni," alisema. "Lakini nzima."

"Nzima? Ninayo nzima."

"Huna. Ina sehemu moja ambayo hakuisema siku ile. Mimi niliisikia humu ndani mara nyingi, ninaikumbuka neno kwa neno. Inakuja baada ya huruma." Akasimama wima, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma bei ya unga: "Nyayo zile, waheshimiwa, zilikuwa na visigino viwili. Asahel Drew ana kimoja. Mwiteni asimame mbele yenu. Mwambieni atembee." Kisha akamtazama Jaji. "Na chini yake mtaandika kwamba hakuisema, na jina la kijana mtalirudisha."

Jaji alikuwa mtu mwema. Alikuwa pia ndiye aliyetazama dari.

"Bibi Thaxter," alisema kwa upole mkubwa, "utaiharibu. Inapanda, inapanda, halafu buti? Na watu watauliza. Watasema Oren alijua. Hilo ndilo jina unalotaka kumwachia?"

"Alijua."

"Fikiria kwanza. Nitarudi Jumatatu."

"Jumatatu nitasema hivihivi, Jaji."

Alitikisa kichwa, akazitafuta fimbo zake. Philena alimsaidia kusimama, akampelekea kofia, akamfungulia mlango, na akasimama barazani hadi gari lake lilipopotea kwenye kona ya kanisa. Kitabu hakikutoka kamwe. Lakini siku ileile Philena alivaa shali yake nzuri, akachukua njia ya nyuma iendayo kwa Tirzah Drew, kumwambia kwamba ameisema sehemu ile kwa sauti mbele ya jaji, na kwamba jaji hakulia.